Meza Hata Kama Huumwi

Nilikataa kumeza vidonge vinne, na nilikataa kwa sauti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo kijijini kwa bibi mzaa mama, upande wa Dodoma, na hakuna mtu anayejua mambo mengi duniani kama anayesubiri matokeo ya kidato cha sita. Wagawa dawa walikuwa wawili, mwanamke na mwanaume, wote wakazi wa kijiji hicho hicho. Walikuja na daftari, kopo la vidonge, chupa za dawa ya maji kwa watoto, na fimbo ndefu iliyochorwa mistari ya rangi. Unasimama ubavuni mwa fimbo, na urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi. Aliyefika juu kabisa anapewa vinne. Anavimeza palepale, wao wakitazama, kisha jina lake linatiwa alama.

Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi siumwi macho."

Mgawa dawa wa kike akatabasamu. "Hata hawa hawaumwi, mwanangu. Hii ni kingatiba."

Nikamuuliza dawa inaitwaje. Akanionyesha kopo. Nikatoa simu, nikatafuta, nikaanza kusoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wamekaa chini ya mwarobaini: azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, hutibu nimonia, hutibu klamidia. Nikalitafuta na hilo neno la mwisho. Klamidia, ugonjwa wa zinaa. Nikainua macho, nikawauliza wagawa dawa kwa nini watoto wa miaka miwili wanapewa dawa ya zinaa.

Mama mdogo, aliyekuwa na watoto watatu, akarudi nyuma. Majirani wawili wakamfuata na watoto wao. Hakuna aliyewaambia waondoke. Msomi alikuwa ameshasema.

Bibi hakusema neno. Alinyoosha kiganja, akapokea vyake vinne, akameza kimoja kimoja kwa maji ya kopo, akaenda kuketi.

Naandika haya kubishana na yule msichana. Sasa nasoma shahada ya uzamili, na nimegundua kwamba yupo katika kila darasa ninaloingia. Amesoma zaidi na maneno yake yamekuwa makubwa zaidi. Husema "suluhisho la juujuu", husema "utegemezi wa misaada", husema "usugu wa dawa". Lakini ukimkamua, jibu lake ni lilelile alilotoa chini ya mwarobaini: mimi siumwi, kwa nini nimeze? Nataka kusema kwamba hoja hiyo ni mbovu, na kwamba sisi tuliosoma ndio tunaoieneza. Nataka pia kusema kwamba dozi ile moja ya kumeza ni heshima kubwa kuliko karibu kila kitu kingine ambacho wataalamu wa afya wamewahi kumfanyia mwanamke wa kijijini.

Nianze na kibano cha bibi.

Tangu nikiwa darasa la kwanza, kila likizo, kazi yangu ya kwanza nikifika kijijini ilikuwa kumng'oa bibi kope. Aliketi mlangoni asubuhi, uso ameuelekeza kwenye jua, akanipa kibano alichokitunza ndani ya kikopo cha mafuta ya mgando. Alitengenezewa na fundi wa pale pale, kwa kipande cha bati. Mimi nilikuwa na macho makali na vidole vidogo. Nilikuwa naivuta juu kidogo ngozi inayofunika jicho, yaani kigubiko, natafuta ukope uliogeukia ndani. Ukiung'oa vizuri unatoka na mzizi wake. Ukiukata katikati, kisiki kinachobaki kinachoma kuliko ukope mzima. Nilipomkata hivyo, bibi alitokwa na machozi kutwa nzima na hakunilaumu. Baada ya wiki chache kope zilikuwa zimeota tena.

Nilidhani ni uzee. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa na vibano vyao, na kila kibano kilikuwa na mjukuu wake.

Haukuwa uzee. Vilikuwa vikope, ugonjwa ambao vitabu huuita trakoma. Bakteria wa klamidia hukaa kwenye utando wa ndani wa kigubiko. Mtoto mdogo humwambukiza mwenzake kwa vidole, kwa tongotongo, kwa makamasi, kwa pindo la kanga lililofuta nyuso nne mfululizo, na kwa nzi wanaohama kutoka jicho hadi jicho. Mtoto hupona, kisha huambukizwa tena na dada yake. Dada naye hupona, kisha huambukizwa na mtoto wa jirani. Kila mzunguko huacha kovu dogo. Makovu yakishakuwa mengi, baada ya miaka ishirini au thelathini, hukaza na kuvuta kigubiko kiingie ndani. Hapo kope huanza kusugua kioo cha jicho. Kila unapopepesa unajikwaruza. Kioo hupata ukungu mweupe, na upofu unaofuata haurudi nyuma.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na vikope hadi mara nne zaidi ya wanaume. Sababu haiko kwenye damu yao. Wanawake ndio wanaobeba watoto. Bibi aliambukizwa alipokuwa mtoto, akaambukizwa alipokuwa akibeba wadogo zake, akaambukizwa alipokuwa akilea wanawe, na pengine hata alipokuwa akitubeba sisi wajukuu.

Sasa rudi kwenye neno "siumwi". Katika ugonjwa huu, anayebeba bakteria leo na atakayepofuka ni watu wawili tofauti, au ni mtu mmoja aliyetenganishwa na nafsi yake kwa miaka arobaini. Mtoto mwenye maambukizi anaweza asionyeshe dalili yoyote. Anacheza, anakula, anakulalia begani. Ukimsubiri aumwe ndipo umtibu, utakuwa unamtibu peke yake ndani ya nyumba ambayo wengine sita wanamsubiri wamrudishie. Ndiyo maana kijiji kizima humeza siku moja. Kinachotibiwa pale ni mzunguko, na wewe umo ndani ya mzunguko huo hata kama macho yako ni meupe kama maziwa.

Kabla ya vidonge, tiba ilikuwa mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Yalipakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Tupige hesabu pamoja, maana ni hesabu ambayo waliopanga tiba ile hawakulazimika kuifanya kwa mikono yao. Siku 42, mara mbili kwa siku, ni mara 84. Mama mwenye watoto wanne atapaka mara 336. Kila mtoto ana macho mawili, basi ni macho 672 ya kufunguliwa kwa nguvu, mafuta yakiwasha na kutia ukungu, mtoto akipiga mateke. Mama huyo ameamka kabla ya alfajiri kwenda kufukua mchanga wa korongo apate maji, ana shamba la uwele linalomsubiri, ana kuni za kutafuta. Akiruka siku nne, mtaalamu anaandika kwenye ripoti kwamba jamii haina uelewa.

Ukweli ni kwamba mafuta yenyewe hayakuwa mabaya. Jaribio kutoka Gambia lililochapishwa mwaka 1993 lililinganisha dozi moja ya azithromaisini ya kumeza na tiba ya kawaida ya wiki sita iliyosimamiwa kwa karibu. Baada ya wiki 26, waliopona kwa dozi moja walikuwa asilimia 78, na wa tiba ya kawaida asilimia 72. Tofauti hiyo ni ndogo. Lakini mwaka 2000, katika nchi hiyo hiyo, kulichapishwa ulinganisho mwingine ambamo familia zilipewa mafuta zikapake zenyewe nyumbani, bila mtu wa kuwasimamia, kama ilivyo katika maisha. Hapo dozi moja ilishinda waziwazi. Kwa hiyo dawa haikushindwa, na mama hakuwa mjinga. Ulioshindwa ni mpango uliotaka mwanamke maskini awe muuguzi wa zamu ya wiki sita bila mshahara.

Azithromaisini ina tabia moja iliyobadilisha hesabu hiyo: ikishaingia mwilini hujikusanya kwenye tishu na kukaa humo kwa siku nyingi, ndiyo maana mara moja inatosha. Kwa mtu mzima ni gramu moja. Na kwa kuwa inapita mwili mzima, huwafuata bakteria hata puani na kooni, mahali ambapo mafuta ya macho hayafiki. Mara 672 zimekuwa mara nne, moja kwa kila mtoto. Mama anatakiwa asimame kando ya fimbo, ameze, awashike wanawe wanyweshwe, arudi shambani. Haulizwi kama anajua kusoma, na hapewi somo la usafi kwanza kana kwamba dawa ni zawadi ya tabia njema.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2004 zilichapishwa takwimu za kitongoji cha Kahe Mpya, wilayani Rombo. Kati ya wakazi 978, walitibiwa 956, yaani asilimia 97.8, wachache wasioruhusiwa kumeza walipewa mafuta. Kabla ya siku hiyo, wenye maambukizi walikuwa asilimia 9.5. Miezi miwili baadaye walikuwa asilimia 2.1. Miaka miwili baadaye walikuwa asilimia 0.1, mtu mmoja katika kila elfu. Waliokutwa na dalili katikati ya kipindi hicho walipewa mafuta, kwa hiyo siwezi kuipa dozi ile moja sifa zote. Lakini soma tena ile asilimia 97.8. Karibu kila mtu alisimama kando ya fimbo.

Halafu kuna kijiji kimoja cha Kongwa, ambako maambukizi yalikuwa makubwa zaidi tangu mwanzo na waliomeza hawakufikia kiwango cha Rombo. Maambukizi yalishuka sana, kisha yakaanza kupanda tena. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na sitajifanya kwamba ni moja. Ila mojawapo naijua vizuri, kwa sababu niliwahi kuwa hiyo sababu.

Lengo linalowekwa ni kwamba angalau asilimia 80 ya wakazi wameze. Kijiji cha watu elfu moja kinabakiwa na nafasi mia mbili za kukosa. Nafasi hizo zina wenyewe: mchungaji aliyehama na ng'ombe kufuata malisho, mwanamke aliyeko kliniki na mgonjwa, kijana aliyekwenda machimboni. Wapo pia watoto wachanga chini ya miezi sita, ambao hawapewi dawa ya kumeza na hivyo wanalindwa na midomo ya wanaowabeba. Msichana mzima, mwenye afya na simu yenye chaji, hakuwekewa nafasi humo. Nilikalia kiti cha mtu mwingine, na kwa maneno yangu nikawakalisha wengine.

Najua mtakavyonijibu, kwa sababu majibu yote niliwahi kuyatoa mimi.

La kwanza ni lile la zinaa. Ni kweli bakteria ni wa jamii moja. Lakini aina zinazoleta vikope, ambazo wataalamu huziita A, B, Ba na C, si zile zinazoambukizwa kwa kujamiiana. Na kama ni suala la nani mwenye jina, jina la kisayansi la bakteria huyu, Chlamydia trachomatis, limetoka kwenye trakoma. Macho ndiyo yaliyompa jina. Aina za zinaa nazo zinaweza kuingia machoni, kwa mtoto mchanga anapozaliwa au kwa mtu mzima kupitia vidole, na hapo pia mgonjwa hupewa dawa ya kumeza kwa sababu bakteria hawaishii jichoni. Yote haya yalikuwa kwenye simu yangu siku ile, mistari michache chini ya pale nilipoacha kusoma.

La pili ni usugu wa dawa. Hili silidharau. Ukigawa azithromaisini kwa maelfu ya watu, bakteria wengine waliomo mwilini, wa kooni na wa utumboni, huanza kuizoea. Hilo limeonekana Niger, limeonekana hapa Tanzania. Klamidia wa macho wenyewe wamechunguzwa baada ya ugawaji na usugu huo haujakutwa kwao, lakini hatari kwa wale wengine ipo.

Sasa niambieni nani ana haki ya kuisema. Muhula uliopita, mwenzangu wa hosteli alipata mafua. Alishuka famasi, hakuulizwa cheti, akarudi na vidonge vitatu vya azithromaisini vya miligramu 500, akameza kimoja kila siku kwa siku tatu. Mafua husababishwa na virusi. Dawa ile haina la kuwafanya. Miligramu 500 mara tatu ni gramu moja na nusu. Bibi yangu hupewa gramu moja, mara moja, na akingoja mwaka mzima kabla ya nyingine. Mwenzangu alimeza zaidi ya bibi, bure, kisha wiki mbili baadaye darasani akatoa hoja nzito kuhusu hatari ya kugawa antibayotiki vijijini. Nilimtazama nikajiona.

Na iko hoja nyingine ambayo wenye hofu ya usugu huwa hawaifikii. Kingatiba ya vikope ina mwisho. Wilaya hupimwa, na watoto wa mwaka mmoja hadi tisa wenye dalili wakishuka chini ya asilimia 5, ugawaji husimamishwa. Wilaya ambayo watu wengi wanameza hufika hapo mapema. Wilaya ambayo watu wanarudi nyuma huongezewa miaka. Anayekataa kumeza kwa kuogopa usugu anarefusha ugawaji anaouogopa.

La tatu ni kampuni. Azithromaisini inayogawiwa vijijini ni msaada wa Pfizer, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za kwanza kuupokea. Mtu akiniambia hawaamini, sitamcheka. Ni kampuni hiyo hiyo iliyoshtakiwa kwa jaribio la dawa nyingine kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, mwaka 1996, na mwaka 2009 ikakubali kulipa fidia katika makubaliano na Jimbo la Kano. Kumbukumbu ya namna hiyo ni mali, tuitunze. Lakini azithromaisini si dawa ya kujaribiwa juu ya bibi yangu. Iligunduliwa na wanakemia wa kiwanda cha Pliva mjini Zagreb mwaka 1980, imemezwa na matajiri na maskini kwa miongo kadhaa, haki miliki yake Marekani ilikwisha mwaka 2005, na leo viwanda vingi vinaitengeneza. Kama msaada unatuchoma, dai lenye maana ni kwamba bajeti yetu iinunue, ili siku mtoaji akichoka tusibaki tukitazamana. Kumwambia mama mdogo asimeze hakumpunguzii mwenye kampuni hata senti moja.

La nne ndilo linalopendwa darasani kuliko yote. "Vidonge ni plasta," alisema mmoja wetu. "Wapeni watu maji." Darasa zima liliitikia kwa vichwa.

Nami nataka maji. Mkakati wenyewe wa kutokomeza vikope una mambo manne: upasuaji kwa ambao kope zimeshageuka, dawa, kuosha uso, na kuboresha mazingira kwa maji na vyoo. Vyoo vimo kwa sababu nzi wapendao macho huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Vidonge peke yao katika kijiji kikavu hufanya kama walivyofanya kile kijiji cha Kongwa: maambukizi hushuka, hupanda. Hakuna mtu mwenye akili anayebisha.

Ninachobishia ni neno "kwanza". Maji kwanza, halafu dawa. Nani asubiri? Mtoto wa miaka mitatu ana makovu yanayoandikwa mwaka huu. Ahadi ya bomba imekuwepo kijijini kwa bibi tangu mama yangu akiwa shule ya msingi. Mwaka 1998 mataifa ya dunia yaliazimia kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2020. Mwaka 2020 ukapita, lengo likasogezwa hadi 2030. Anayesema "si vidonge, ni maji" kwa kawaida haleti maji. Anachofanikiwa kukileta ni shaka juu ya vidonge, maana shaka ni rahisi kubeba kuliko bomba.

Na wapo wa upande wa pili, ambao nawaogopa zaidi. Hao hupenda vidonge kwa sababu vinahesabika. Wakishagawa, wanaandika ripoti, halafu kazi iliyobaki wanamwachia mama kwa jina la "elimu ya usafi". Watoto wa kijijini kwetu waliwahi kufundishwa wimbo wa kuosha uso. Waliuimba vizuri. Nyumbani kwa mama mdogo kulikuwa na dumu moja la lita ishirini kwa watu sita, la kunywa, kupika, kuosha vyombo, na la mbuzi mwenye mtoto mchanga. Hakuna mama asiyejua kwamba uso wa mwanawe ni mchafu. Anajua, na anapiga hesabu ya maji.

Kwa hiyo dai langu kwa wizara na halmashauri ni hili. Mmeweza kupita kaya kwa kaya, mkampima kila mtu urefu, mkaandika jina lake na idadi ya vidonge. Basi leteni daftari la pili. Mwandike kaya hii inachota maji umbali gani, madumu mangapi kwa siku, ina choo au haina. Mwandike kila mwaka, kwa mkono ule ule, na mtangaze kama mnavyotangaza asilimia ya waliomeza. Siku kijiji kitakapoonekana kimemeza asilimia 90 na maji hakina, aibu itahama kutoka kwenye uso wa mtoto kwenda inakostahili.

Kwamba inawezekana hatuhitaji kuhadithiwa na watu wa mbali. Oman ilithibitishwa kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012. Ghana ikafuata mwaka 2018, Malawi mwaka 2022, Burundi mwaka 2025. Wawili kati ya hao ni majirani zetu, na hakuna aliyetuzidi utajiri. Duniani kote, watu wanaoishi katika maeneo yenye hatari ya vikope walikuwa bilioni 1.5 mwaka 2002. Kufikia 2023 walikuwa takriban milioni 115. Sehemu kubwa ya safari hiyo imetembewa na watu waliomeza dawa bila kuumwa.

Mwaka uliofuata ule wa mwarobaini, mama mdogo alinipigia simu nikiwa chuoni. Fimbo ilikuwa imerudi.

"Tumeze?" akauliza.

"Mezeni, mama mdogo."

"Na ile zinaa uliyotusomea?"

Nilimweleza. Ilinichukua dakika tano kuondoa jambo nililoliweka kwa nusu dakika. Alimeza na watoto wakanyweshwa. Wale majirani wawili sijui kama aliwafikia; mmoja alikuwa ameshahama na wanawe, na simu yake sina.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa bure timu ya madaktari ilipopita wilayani. Jicho la kulia lilipona, kope zikatazama nje. La kushoto lilikuwa limechelewa. Kioo chake ni cheupe na halioni isipokuwa mwanga wa mlangoni. Kibano bado anacho. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakunikemea mbele ya watu. Akasema alidhani shuleni wamenifundisha jambo ambalo yeye halijui.

Hilo ndilo linaloniuma. Bibi aliujua ugonjwa kwa jicho lake, akanyamaza kwa heshima ya elimu yangu, na elimu yangu ilikuwa mistari sita ya simu. Kila familia iliyomsomesha mtoto imempa mamlaka hayo, ya kusema neno moja na watu wazima wakarudi nyuma. Tunayatumia ovyo.

Likizo ijayo, ukikuta fimbo yenye mistari ya rangi imesimamishwa chini ya mti kwenu, simama wa kwanza, umeze wakikuona, kisha muulize mwenyekiti wa kitongoji maji yanakuja lini. Na kama ni lazima utoe simu, soma mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo.